Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kazi za amri kwa wanaojenga mifumo ya wavuti, Arusha na Moshi

Ukurasa huu umetokana na maswali ninayoulizwa na vijana wanaojiunga na timu yetu. Wengi tuko Arusha, wawili wako Moshi. Tunatunza mfumo wa wavuti wa kuweka nafasi za safari: kupanda Kilimanjaro, kwenda Ngorongoro, matembezi ya vijijini. Mfumo umejengwa kwa Laravel (msingi wa kujengea tovuti kwa PHP) na MySQL (hifadhidata), na seva inatumia Ubuntu (aina ya Linux). Kama wewe unatumia Django au Rails, majina ya amri yatabadilika lakini mambo ni yaleyale.

"Kazi za amri" ndiyo nini?

Ni kazi yoyote ya mfumo unayoiendesha kwa kuandika neno moja kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri) badala ya kuikumbuka hatua kwa hatua. Kuandaa laptopu mpya, kujenga majedwali, kuingiza data za majaribio, kuchukua nakala rudufu, kutuma ripoti ya wageni, kupandisha toleo jipya. Kila timu inazo kazi hizi, ila wengine wameziandika na wengine wanazibeba kichwani. Nimefanya kazi mahali ambapo kupandisha toleo alikujua mtu mmoja tu. Desemba ilipofika akapanda kwao Rombo kula Krismasi, na sisi tukakaa wiki mbili na kosa la bei tuliloliona kwa macho na hatukuweza kulirekebisha.

Nitajuaje kwamba kazi inastahili kuandikiwa amri?

Ukiifanya mara ya tatu, iandikie. Na kama ukiruka hatua moja data ya mteja inapotea, usingoje hata mara ya pili.

Nianze na chombo gani?

Anza na Make, programu inayoendesha amri ulizoziandika kwenye faili. Stuart Feldman aliiandika Bell Labs mwaka 1976 na bado inapatikana karibu kila seva ya Linux. Kwenye Ubuntu tupu ni `sudo apt install make`, basi. Kazi yake kwetu ni kuwa mlango: mtu mpya akifungua mradi anakuta faili moja liitwalo `Makefile`, na ndani yake anaona kila kinachoweza kufanyika.

```
.PHONY: anza pima mbegu

anza:
	composer install
	npm ci
	php artisan migrate
	php artisan serve

pima:
	php artisan test

mbegu:
	php artisan migrate:fresh --seed
```

Anaandika `make anza`, vifurushi vya msimbo vinapakuliwa (`composer` kwa vya PHP, `npm` kwa vya JavaScript), na mfumo unaamka. Angalia mambo mawili. La kwanza, mistari ya ndani inaanza na tabu, si nafasi nne; ukiweka nafasi utaambiwa `missing separator` na hutaelewa kwa nini. La pili, ule mstari wa `.PHONY` si pambo. Make ilizaliwa kutengeneza mafaili, kwa hiyo siku mtu akiunda folda inayoitwa `pima`, `make pima` itakujibu kwamba kila kitu kiko tayari, na majaribio hayataendeshwa. `.PHONY` inaiambia kwamba hayo ni majina ya kazi, hayahusiani na faili lolote.

Kazi inayogusa data ya mfumo wenyewe, kama kutuma ripoti au kufuta nafasi ambazo hazikulipiwa, iandike kama amri ya Artisan, chombo cha amri cha Laravel (`php artisan make:command`). Huko unapata modeli zako zote na unaweza kuiandikia majaribio. Kazi ya seva, kama nakala rudufu, iandike kwa Bash, lugha ya amri za terminali. Make iwe mlango tu wa kuyaita hayo. Nimeona watu wakiandika mistari mia mbili ndani ya Makefile na nikawasihi waiondoe.

Kwa nini amri zenu zina majina ya Kiswahili?

Kwa sababu tunaongea Kiswahili. Mwenzangu akiniambia kwenye simu "andika make mbegu," sihitaji kuuliza tahajia. Majina ya Laravel yenyewe tunayaacha yalivyo.

Natumia Windows. Nitaweza?

Utaweza kupitia WSL, ambayo inakupa Ubuntu ndani ya Windows. Fungua mradi ndani ya folda za Linux, si chini ya `/mnt/c`, maana huko mafaili yanasomwa polepole sana. Kosa moja litakukuta tu: skripti inakataa na kusema `bad interpreter: /bin/bash^M`. Hiyo `^M` ni alama ya mwisho wa mstari ya Windows iliyoingia kwenye faili. Weka `*.sh text eol=lf` ndani ya faili la `.gitattributes` la Git (programu ya kutunza matoleo ya msimbo) na tatizo linaisha kwa timu nzima.

Tofauti ya `migrate` na `migrate:fresh` ni nini? Nimeambiwa nisiguse ya pili.

`migrate` inaongeza mabadiliko ya majedwali ambayo bado hayajawekwa. `migrate:fresh` inafuta majedwali yote, kisha inajenga upya kutoka mwanzo. Kwenye laptopu yako ni rafiki mzuri, ndiyo maana imo ndani ya `make mbegu`. Kwenye seva ya wateja ni maafa. Laravel inapojua iko kwenye `production` itakuuliza kwanza kama una uhakika, lakini ukiweka `--force` inaacha kuuliza. Kwa hiyo `--force` isikae pamoja na `fresh` popote, hata kwenye mfano wa maelezo, maana kuna mtu atanakili. Matoleo mapya ya Laravel yanakuruhusu kuzizuia kabisa amri za namna hiyo kwa `DB::prohibitDestructiveCommands()`. Iwashe leo.

Data za majaribio ziwe za namna gani?

Zifanane na zile mtakazokutana nazo. Ukijaza jedwali kwa majina ya kigeni yaliyonyooka, mfumo utapita majaribio yote na utaanguka siku ya kwanza ya kazi. Sisi mbegu zetu, yaani data za majaribio, zina njia za Machame, Marangu na Lemosho, zina simu zilizoandikwa kwa 0 mwanzoni na nyingine kwa 255, zina bei ya shilingi yenye tarakimu saba. Na zina Ng'iresi na Boma Ng'ombe.

Hayo majina mawili nayasisitiza. Kile kikoma cha juu kwenye ng' ndiyo alama ileile ambayo SQL (lugha ya hifadhidata) na Bash huitumia kufungua maneno. Andika `php artisan safari:ongeza Ng'iresi` uone: terminali haitatoa kosa, itashuka mstari na kukuonyesha `>`, ikisubiri ufunge ulichofungua. Bonyeza Ctrl+C, kisha andika `"Ng'iresi"` ndani ya alama mbili. Na kama kuna swali la SQL mahali fulani linalounganishwa kwa mkono, jina hilo litalivunja, na hapo utakuwa umegundua mlango ambao mtu mwenye nia mbaya angeutumia. Lugha yetu inatupa jaribio zuri la usalama bila gharama. Tulitumie.

Naweza kuvuta data halisi ya seva ili nitafute kosa?

Si ikiwa hivyo ilivyo. Ndani yake kuna namba za pasipoti za wageni, barua pepe zao, na hata maelezo ya afya wanayojaza kabla ya kupanda mlima. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inatuhusu sote tunaokusanya taarifa za namna hiyo. Laptopu huibwa. Hata bila sheria, mgeni alitupa pasipoti yake ili apande Kilimanjaro, hakutupa ili izunguke kwenye begi lako kwenye daladala la Njiro.

Tunayo amri ya `wageni:ficha` inayoendeshwa kwenye nakala kabla haijatoka kwenye seva. Inabadilisha majina, pasipoti na simu, inafuta maelezo ya afya, na inageuza kila barua pepe iishie na `@example.com`, anwani iliyotengwa rasmi kwa mifano na isiyopokea barua. Juu ya hapo, laptopu zetu zina `MAIL_MAILER=log`, ili barua iandikwe kwenye faili badala ya kwenda kwa mtu.

Nakala rudufu zinachukuliwa kila usiku. Kuna haja ya kuziangalia?

Hili nalijibu kwa yaliyonipata. Miaka ya nyuma nilikuwa na skripti ya mstari mmoja: `mysqldump` (inayotoa data ya MySQL) ikipitisha kwenda `gzip` (inayobana faili), kisha faili likakaa kwenye folda. Kila asubuhi faili jipya lilikuwepo, lenye tarehe yake. Nikaridhika. Siku niliyolihitaji nikakuta mafaili ya wiki nzima yana ukubwa wa baiti 20 kila moja. Nywila ya hifadhidata ilikuwa imebadilishwa, `mysqldump` ilikuwa inakataliwa, na `gzip` ilikuwa inabana utupu na kuripoti kwamba imemaliza salama. Baiti 20 ni ukubwa wa faili la gzip lisilo na kitu ndani.

Sababu ni hii: amri mbili zikiunganishwa kwa `|`, Bash inaangalia matokeo ya ile ya mwisho peke yake. Ya kwanza inaweza kufa na hakuna atakayejua. Dawa yake ni `pipefail`. Leo skripti yetu iko hivi:

```
#!/usr/bin/env bash
set -euo pipefail

muda="/var/nakala/haijakamilika.sql.gz"
faili="/var/nakala/safari-$(date +%F-%H%M).sql.gz"

mysqldump --single-transaction safari | gzip > "$muda"
zcat "$muda" | tail -n 1 | grep -q "Dump completed"
mv "$muda" "$faili"
```

`-e` inasimamisha skripti hatua yoyote ikishindwa. `-u` inakataa jina la kigezo ambacho hakipo, kwa mfano ulipokosea herufi. `--single-transaction` inapata picha moja ya data bila kufunga majedwali ya InnoDB (aina ya kawaida ya majedwali ya MySQL), kwa hiyo mgeni anayelipia usiku hasumbuliwi. Mstari wa `grep` unahakikisha mwisho wa nakala upo, kwa kuwa `mysqldump` huandika maneno hayo pale tu inapofika mwisho. Na `mv` inakuja baada ya yote, ili jina lenye tarehe lisipewe kitu kisichokamilika.

Hata hivyo nakala haijawa nakala mpaka uirudishe. Mara moja kwa wiki amri nyingine inaifungua nakala ya karibuni kwenye hifadhidata ya `safari_jaribio` na kuhesabu nafasi za wageni. Namba ikipungua kuliko wiki iliyopita, tunapigiwa kelele. Na nakala zenyewe zinakwenda kukaa kwenye mashine nyingine. Kuziacha kwenye seva ileile ni sawa na kufunga ufunguo wa akiba ndani ya nyumba.

Nimepanga ripoti itoke saa moja asubuhi, inatoka saa kumi usiku. Kwa nini?

Swali hili ndilo linaloongoza, na linatuhusu sisi kuliko watu wengine, kwa sababu kuna saa tatu zinazogongana. Kuna saa ya Kiswahili, inayohesabu kuanzia jua lichomozapo na litapo. Kuna saa ya ukutani ya Afrika Mashariki. Na kuna UTC ya seva, saa ya kimataifa, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Bosi anasema saa moja, kijana anaandika `0 1 * * *` kwenye cron (programu ya seva inayoendesha kazi kwa ratiba; namba ya kwanza ni dakika, ya pili ni saa, ya mwisho ni siku ya wiki), seva inaisoma saa 01:00 ya UTC, ambayo kwetu ni saa kumi usiku.

Njia ya mkato tunayofundishana ofisini: kwa saa za mchana chukua namba ya Kiswahili uongeze 3, umepata UTC. Saa moja asubuhi inakuwa 4, saa nne asubuhi inakuwa 7, saa kumi jioni inakuwa 13. Kwa saa za usiku ongeza 15, na ikizidi 23 toa 24. Saa nane usiku inakuwa 23, saa kumi usiku inakuwa 1. Saa kumi na mbili asubuhi ihesabu kama sifuri ya mchana, upate 3.

Sasa siku. Saa nane usiku wa kuamkia Jumatatu, kwenye UTC bado ni Jumapili saa 23:00. Kwa hiyo unaandika `0 23 * * 0`, sifuri ikiwa Jumapili. Ukiandika 1 kazi itachelewa siku nzima. Na ukipewa maagizo, uliza: "usiku wa Jumatatu" unaomaanishwa ni upi? Wazee wetu wa pwani huanza kuhesabu siku magharibi, wa ofisini huanza saa sita usiku. Ukisema "usiku wa kuamkia" hakuna anayepotea.

Usiwe na haraka ya kubadilisha saa ya seva ili kukwepa hesabu hii. Kumbukumbu zote za makosa na malipo zimeandikwa kwa UTC, ukiigeuza katikati hutajua lipi lilitangulia. Kilicho bora ni kuacha mstari mmoja tu kwenye cron:

```
* * * * * cd /srv/safari && php artisan schedule:run >> /dev/null 2>&1
```

Kisha ratiba zote ziandike ndani ya mradi, kwenye `routes/console.php`:

```
Schedule::command('ripoti:wageni')
    ->dailyAt('07:00')
    ->timezone('Africa/Dar_es_Salaam')
    ->withoutOverlapping();
```

Hapo ratiba inakaa kwenye Git, kila mtu anaiona, na hesabu inayobaki ni kutoka saa moja kwenda 07:00 tu. Jina la eneo ni Dar es Salaam. Usitafute la Arusha, halipo.

Skripti inafanya kazi nikiiandika mwenyewe, cron ikiiendesha haifanyi.

Cron haikuchukulii mazingira yako. Njia zake za kutafutia programu ni chache, mara nyingi `/usr/bin` na `/bin`, kwa hiyo programu uliyoiweka kwenye folda yako ya nyumbani haionekani. Andika njia kamili. Pia alama ya `%` ndani ya crontab (faili la ratiba za cron) inasomwa kama mwisho wa mstari. Ukitaka tarehe andika `\%F`, au bora zaidi tarehe ikae ndani ya skripti kama ile ya juu.

Na tafadhali: `crontab -e` inahariri, `crontab -r` inafuta ratiba yote bila kuuliza. Herufi hizo zinapakana kwenye kibodi. Weka nakala kwa `crontab -l > ratiba.txt` kabla ya kugusa.

Umeme au mtandao ukikatika katikati ya kazi?

Ukikatika kwako, kazi iliyo kwenye seva inaweza kufa pamoja na muunganisho wako wa SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali). Niliwahi kuanzisha mabadiliko ya jedwali kubwa nikiwa kwenye Coaster ya kwenda Moshi. Tulipopita Usa River mtandao ukapotea, na mpaka Boma Ng'ombe sikujua kama jedwali liko nusu au limekamilika. Tangu siku hiyo, jambo la kwanza nikiingia kwenye seva ni `tmux`. Muunganisho ukikatika kazi inaendelea. Ukirudi unaandika `tmux attach` na unaikuta pale ilipo. Kwa kuhamisha mafaili makubwa tumia `rsync -P`, ambayo haitupi kipande kilichokwisha kufika.

Zaidi ya vyombo, andika amri ambayo ikirudiwa haidhuru. `mkdir -p` badala ya `mkdir`. Amri ya kutuma ripoti iweke alama kwa kila mgeni aliyekwisha kutumiwa, ili ukiianzisha tena iendelee na waliobaki. Jiulize kwa kila mstari: umeme ukikatika hapa, nikirudia kutoka juu itakuwaje?

Kupandisha toleo jipya mnafanyaje?

Kwa `make pandisha`. Inaandaa toleo kwenye folda mpya kabisa (`composer install --no-dev`, `npm ci`, kujenga mafaili ya mbele, `config:cache`), inaendesha `migrate --force`, kisha inageuza kiungo cha `current` kielekee kwenye folda hiyo kwa `ln -sfn` na kupakia upya php-fpm (huduma inayoendesha PHP kwenye seva). Folda tano za nyuma zinabaki. Kurudi nyuma ni kugeuza kiungo tu, mradi mabadiliko ya majedwali hayajaondoa safu ambayo msimbo wa zamani bado unaihitaji.

Hatua inayosahaulika ni `php artisan queue:restart`. Wafanyakazi wa foleni (programu zinazofanya kazi za nyuma ya pazia, kama kutuma barua) hupakia msimbo mara moja na kubaki nao kwenye kumbukumbu. Usipowaambia waanze upya, kurasa zitaonyesha bei mpya huku barua za wageni zikitoka na ya zamani.

Ijumaa jioni hatupandishi. Juni hadi Oktoba, msimu wa wageni, tunapandisha asubuhi mapema tu.

Bando langu linaisha kwa `npm` na `composer`.

Tumia `npm ci --prefer-offline`, na usifute folda ya `~/.npm` wala hifadhi ya Composer ukidhani ni takataka. `git clone --depth 1` inatosha kwa anayetaka kuangalia tu. Na usiendeshe `composer update` bila sababu: `composer install` inafuata `composer.lock`, haibadilishi matoleo, na inapakua vilivyokosekana peke yake.

Nywila ziandikwe wapi?

Kwenye `.env`, ambayo haiingii kwenye Git. Si ndani ya Makefile, si ndani ya skripti, na si kwenye mstari wa amri, maana huko zinabaki kwenye historia ya terminali. Ya `mysqldump` inakaa kwenye `~/.my.cnf` yenye ruhusa ya `chmod 600`.

Amri imegoma. Niseme nini kwenye kundi?

Nakili maandishi, usipige picha ya skrini kwa simu. Hatuwezi kutafuta ndani ya picha. Tuma amri yenyewe uliyoandika, kosa lote kuanzia mstari wa kwanza, na jibu la `echo $?` (namba inayoonyesha amri imeishaje) uliloandika mara tu baada ya amri kugoma, kabla ya kuandika kingine chochote. Ikiwa 127, programu haikupatikana. Ikiwa 126, imepatikana lakini huna ruhusa ya kuiendesha, mara nyingi ni `chmod +x` iliyosahaulika. Ikiwa 137, imeuawa kwa nguvu, na kwenye seva ndogo kama yetu jambo la kwanza kuangalia ni kumbukumbu: `free -h`. Taja pia uko kwenye laptopu au kwenye seva. Kama ni kwenye seva, acha kila kitu kama kilivyo na upige simu.